Kuku Aliyefutwa

Mwaka ule wa 1957 gazeti moja la Mombasa lilitangaza shindano la hadithi, na Msambweni nzima ikajua kwamba mshindi ni Mwalimu Mbwana Chirau. Alikuwa amewaambia mwenyewe. Kilichobaki ni jambo dogo tu la kuiandika hiyo hadithi na kuitia posta kabla ya Alhamisi.

Kwa wiki tatu alijifungia chumbani na kisa cha Mwanapili, mke anayemwacha mumewe. Kwa wiki hizo hizo tatu mkewe halisi, Mwanatumu, alisimama mlangoni akasema, "Mwalimu, nina neno nawe," naye akajibiwa, "Subiri nimalize ukurasa huu." Kurasa zilikwisha, neno halikusemwa. Mtu anayechunguza moyo wa mwanamke atapata wapi nafasi ya kuzungumza na wanawake?

Jumatano asubuhi alimwita aje asikilize. Akamsomea mazungumzo matupu, bila kutaja msemaji, ili yeye akisie.

"'Kwa masikitiko makubwa nakuarifu kuwa nimeazimia kuondoka.' Nani huyo?"

"Ni wewe," akasema Mwanatumu.

"Ni Mwanapili! Na huyu? 'Nasikitika kupokea taarifa hiyo.'"

"Wewe."

"Huyo ni mumewe! Haya, huyu: 'Tafadhalini, zingatieni hatima ya ndoa yenu.'"

"Wewe tena, umevaa buibui."

"Huyo ni mama mkwe!"

Mbwana alikasirika, na ilikuwa haki yake, kwani hakuna kinachochoma kama kuambiwa kweli na mtu asiyevuka darasa la pili. Kisha hofu ikamwingia. Watu wote wa hadithi yake walikuwa walimu, na ushindi ulikuwa unamponyoka.

"Basi mke anayeondoka husemaje?" akauliza.

Mwanatumu akaketi ukingoni mwa kitanda, akaanza kukunja kanga zake.

"Hahutubu," akasema. "Husema hivi: Mwalimu, chumvi imo koponi, nyuma ya mtungi. Kuku mweusi anaatamia, usimsumbue. Nimengoja uniangalie mpaka nimechoka. Nakwenda kwa mama, Mkwiro. Wala usinifuate kama hujui unamfuata nani."

"Polepole, bibi wewe!" Kalamu ilikuwa inakimbia. "Umesema chumvi iko wapi?"

"Nyuma ya mtungi." Sauti yake ilikatika. Mbwana aliisikia, sifa zake tumpe, akaandika pembeni: sauti inakatika.

Mwanatumu akafunga kanga zake, akabeba mzigo, akatoka. Mbwana hakuinua kichwa. Alikuwa ananakili kwa hati nzuri, na alipofika kwenye jina la Mkwiro akalibadilisha likawa Vanga, watu wasije wakashuku.

Alipomaliza alijipa tisa kwa kumi. Alama moja aliipunguza kwa sababu ya kuku. Mke anayevunja nyumba atamkumbukaje kuku? Nani ataamini? Akamfuta kwa mstari mmoja ulionyooka.

"Mwanatumu! Njoo usikie mambo!"

Aliita mara tatu. Gari la Shimoni, liendalo njia ya Mkwiro, lilikuwa limepita zamani. Alitazama kitandani, pale kanga zilipokuwa, kisha akakimbilia jikoni. Nyuma ya mtungi palikuwa na kopo. Akalifungua, akaonja: chumvi. Pembeni, juu ya gunia, kuku mweusi alikuwa ameyafunika mayai yake, akamkodolea jicho moja.

Hapo ndipo Mwalimu Mbwana alipomsikia mkewe, neno kwa neno, kwa sauti yake mwenyewe. Aliketi sakafuni akalia, kilio cha kweli, hilo tusimnyime. Alimpenda yule mwanamke miaka tisa, na hakuwa na habari naye.

Alilia mpaka machozi yakamwishia. Kisha akanyanyuka, akajipangusa kamasi, akarudi mezani, akamrudisha kuku.