Binti Mfalme wa Mtaa wa Lenox

Oralee Gaskins alikuwa mrefu, mweusi tii, mwenye shingo ya kuringia. Urefu na shingo vilimpatia kazi katika nyumba ya mitindo ya Msiye Armand, yaani Bwana Armand kwa Kifaransa alichojivunia, kule Barabara ya Saba, New York. Weusi ulimfungia katika chumba cha nyuma.

Mimi, Hester, nilikuwa mpiga pasi katika chumba hichohicho, kwa hiyo nasimulia niliyoyaona.

Kazi ya Oralee ilikuwa kusimama. Kila gauni la Msiye Armand lilikatwa, likabanwa pini na kushonwa juu ya mwili wake. Likishakamilika, alivuliwa, likavaliwa na msichana wa Kizungu, naye huyo ndiye aliyetoka mbele ya wanunuzi wa maduka makubwa. Oralee alibaki nami nyuma ya pazia, akisikiliza umbo lake likipigiwa makofi huku limevaliwa na mtu mwingine.

“Si mimi, kipenzi,” Msiye Armand alizoea kumwambia, mkono kifuani. “Mimi sina ubaguzi hata kidogo. Wanunuzi ndio hawajawa tayari.”

Wanunuzi nao, ukiwauliza, walisema wao hawana neno, wateja ndio hawajawa tayari. Ukiwasikiliza wote, Marekani ilikuwa imejaa watu wema watupu, wote wakimwogopa mtu mmoja mbaya asiyejulikana anakoishi.

Na usidhani kwetu Harlem, mtaa wa Weusi, mambo yalikuwa asali. Madamu Cordelia Vance alikuwa na shule ya kufundisha wasichana mwendo na mapozi. Oralee alipokwenda kujiandikisha, Madamu alimtazama juu mpaka chini, akahema.

“Umbo unalo, mwanangu. Lakini mimi nachukua wasichana wa rangi ya kahawa ya maziwa. Wewe maziwa yamekusahau.”

Basi, mwaka wa 1957, maonyesho ya majira ya joto yamekaribia, msichana mkuu wa Msiye Armand akatoroka na daktari wa meno. Kilichobaki kilikuwa gauni la dhahabu, lile la kufungia maonyesho. Walijaribu kuwavisha wengine. Wa kwanza lilimporomoka, wa pili likamkaba, wa tatu alionekana kama mwavuli uliopigwa na upepo. Gauni lilikuwa la Oralee na lilikuwa halitaki mtu mwingine.

Msiye Armand alizunguka chumba akijivuta masharubu, kisha akasimama ghafla.

“Mmarekani Mweusi, haiwezekani,” akasema. “Lakini binti mfalme kutoka Afrika! Hilo wanalipenda! Oralee, kuanzia leo wewe ni Binti Mfalme Zuleika wa Kambezi.”

“Kambezi iko wapi?” Oralee akauliza.

“Nani atakayeuliza? Sharti moja tu: usiseme Kiingereza. Mimi nitakuwa mfasiri wako.”

Alipotoka, nilimshika Oralee mkono. “Shoga, utakubali upuuzi huu? Wewe baba yako anauza makaa ya mawe Mtaa wa Lenox!”

“Hester, mlango wamefunga, dirisha wameacha wazi,” akasema. “Ngoja niingie. Nikishaingia, kazi ya kunitoa ni yao.”

Siku yenyewe, mpambaji alifungua sanduku lake la poda. Poda iliyokolea kuliko zote ilikuwa na rangi ya pichi. Akampaka hivyo hivyo. Oralee akajitazama kwenye kioo: samaki aliyeviringishwa kwenye unga, anasubiri mafuta yapate moto. Akaenda kwenye bomba, akanawa, akatoa mkobani poda aliyojichanganyia mwenyewe nyumbani, akajipaka mbele ya mpambaji, taratibu, kama anamfundisha mtoto kufunga viatu.

Kisha akatoka.

Kwanza kalamu zilisimama. Alikwenda mpaka mwisho wa jukwaa, akageuka, na gauni likageuka nyuma yake kwa adabu kama mtumishi. Ndipo makofi yakapasuka. Bwana Thurlow Beasley, mwenye duka kubwa kule Georgia, mtu ambaye asingekaa kiti kimoja na Mweusi hata treni ikiwaka moto, alinyanyuka, akainama, akambusu mkono.

“Mwambie Mtukufu Binti Mfalme kwamba sijawahi kuona urembo wa kweli mpaka leo.”

Oralee akamtazama, akajibu kwa Kikambezi. Kikambezi chenyewe kilikuwa majina ya vituo vya treni ya chini ya ardhi, akayapindua na kuyavuta, akayachanganya na majina ya vyakula vya Jumapili aliyoyapindua vilevile. Mimi nyuma ya pazia niliyatambua maneno “miguu ya nguruwe” na “mkate wa mahindi”, nikajiziba mdomo kwa kitambaa cha pasi.

“Anasema,” Msiye Armand akafasiri, machozi yakimlengalenga machoni, “moyo wake umeguswa.”

Tangu hapo Zuleika akapanda lifti ya mbele, wakati Oralee siku zote alipanda ya mizigo. Bwana Beasley akamwalika chakula cha jioni, pamoja na mfasiri, katika hoteli ambayo watu wetu waliingia kwa mlango wa jikoni tu. Bahati mbaya, au nzuri, mhudumu mkuu alikuwa Teague, shemasi wa kanisa letu. Alileta supu, akainama kwa heshima zote, na alipofika sikioni mwa binti mfalme akanong’ona:

“Oralee Gaskins, mama yako anajua uko huku?”

Binti mfalme alipaliwa na supu. Bwana Beasley akampigapiga mgongo kwa upole wa baba mzazi.

Habari zilifika Harlem kabla Oralee hajavua viatu. Jumapili, Madamu Cordelia alimkumbatia nje ya kanisa, kofia yake ikayumba. “Mwendo ule nilimfundisha mimi!” akatangazia watu. “Nilimwona siku ya kwanza, nikasema huyu ni johari.”

“Ulisema maziwa yamenisahau,” Oralee akamkumbusha.

“Utani, mwanangu! Hujui utani?”

Mama yake Oralee hakucheka. Alikuwa anakatakata mboga za sukuma jikoni, kisu hakisimami. “Wamempigia makofi nani?” akauliza.

“Mimi, mama.”

“Wewe? Basi kesho panda ile lifti ya mbele, uwaambie jina lako.”

Kesho yake Oralee alipanda lifti ya mbele, lakini jina hakulitaja. Nami nikaacha kumtania.

Maonyesho ya pili yalialika magazeti. Baada ya gauni la dhahabu, Bwana Beasley alimbusu tena mkono, kisha mwandishi mmoja, bibi wa Kizungu mwenye kalamu ya fedha, akasogea karibu. “Muulize binti mfalme: wanawake Weusi wa hapa Marekani, je, wanaweza siku moja kuwa wanamitindo kama yeye?”

Oralee akasema vituo vyake vitatu vinne. Msiye Armand akatabasamu.

“Anasema, kwa masikitiko makubwa, hapana. Hawana haiba. Haiba ni jambo la damu.”

Bibi akaanza kuandika. Nilimwona Oralee akivuta pumzi mpaka gauni likalia kwenye mishono.

“Futa hiyo, bibi,” akasema kwa Kiingereza cha Georgia, kizito kama uji wa asubuhi. “Huyu hakunifasiri vizuri. Mimi naitwa Oralee Gaskins. Nimezaliwa Georgia, nyuma ya duka la huyu Bwana Beasley, kabla hatujahamia Harlem. Dukani kwake mama yangu alikatazwa kujaribu kofia kichwani kabla ya kuinunua, eti ataichafua. Leo bwana amenibusu mkono mbele yenu wote. Na huyu mfasiri ni Arnold, wa Cleveland, Ohio. Ufaransa hajaiona hata kwenye ramani.”

Bwana Beasley alitoa leso, akaanza kujifuta midomo. Alifuta, akafuta tena, kama mtu aliyeambiwa amekula panya. Msiye Armand akapiga kelele, na kwa hasira Kifaransa kikamponyoka chote, ikabaki Ohio tupu.

“Umefukuzwa! Toka!”

“Nisubiri nivue gauni lenu,” Oralee akasema. “Mimi si mwizi wa umbo la mtu.”

Nilimsaidia vifungo, kisha nikazima pasi na kuchukua koti langu. Sikufukuzwa, niliona tu kwamba siwezi kubaki. Tulipanda lifti ya mbele wote wawili na hakuna aliyethubutu kutuzuia.

Ungedhani Bwana Beasley aliliacha lile gauni. Wapi! Aliliagiza kwa wingi, akaliuza Georgia kwa jina la “Zuleika”, na mabibi wa kule waliligombania. Walichokikataa kilikuwa ngozi tu.

Barabara ya Saba nzima ikamfungia Oralee milango. Akakodi ukumbi wa chini wa kanisa, akakusanya wasichana ambao Madamu Cordelia aliwakataa, mimi nikawa msimamizi wa nguo. Maonyesho yetu ya kwanza walikuja watu wachache na mvua ikavuja jukwaani; msichana mmoja akateleza, akainuka, akaendelea kana kwamba kuteleza ndiyo mtindo wenyewe. Mara ya tatu watu walisimama mpaka barabarani. Madamu Cordelia alikuja akijitolea kuwa mlezi wa kundi, ila angependa wale weupe kidogo watangulie. Oralee alimpa kiti, tena kizuri, nyuma ya nguzo.

Mwaka wa 1959 nyumba moja ya Paris, ya Wafaransa wa kweli, ikamwita. Alikwenda kwa jina lake. Picha zake zikarudi magazetini, na nyumba za Barabara ya Saba zikazinduka, kila moja ikatafuta msichana Mweusi mmoja. Mmoja tu. Wasichana wetu walipobisha hodi waliambiwa kwa tabasamu, “Pole, tunaye tayari.”

Oralee aliporudi likizo tulimweleza. Akacheka mpaka akashika mbavu. Akavua viatu vyake vya Paris, akaingia ukumbini peku na kuwapanga wasichana wote, kumi na wanane.

“Kesho tunakwenda kubisha hodi,” akasema. “Wote kwa pamoja. Watuambie huyo mmoja anatosha tukiwa tumesimama hapohapo, tuone watatutazama vipi machoni.”