Nyumba Iliyoionea Kambi Wivu

Kila saa nne asubuhi, Mwanzia akiwa juu ya paa la kambi ya wanajeshi akikaza nati, nyumba yake ya mabati ilitoka Mathare, ikavuka mtaro na kusimama kando ya ua wa kambi kumtazama. Majirani waliinua kamba za nguo ili ipite.

Mwaka uliotangulia, 1997, upepo wa El Niño ulikuwa umeng'oa mapaa ya kambi na ya Mathare siku moja. Kambi ilijengwa upya. Injinia wa kambi alichora mikanda ya chuma inayoanzia ndani ya msingi, ikapanda ukutani na kulikumbatia paa, na Mwanzia ndiye aliyeifunga yote. Paa lake mwenyewe lilishikiliwa na mawe saba na tairi la lori. Nyumba iliona wivu, na kusema kweli, nani angeilaumu?

"Baba Ndinda, nyumba imekuona ukiwafungia wengine," mkewe Kaluki alimwambia. "Hata mimi wivu umenishika. Bibi ya sajenti analala upepo ukivuma. Mimi nalala nimeshika boriti, mtoto mgongoni."

"Nitaifunga kabla ya mvua."

Injinia alimpa mikanda sita iliyopinda. Jumapili Mwanzia akaanza kuchimba msingi. Mzee wa kijiji, Mativo, akaja akasimama juu ya shimo.

"Fukia. Ukimwaga simiti hapa, kesho utasema ni kwako."

"Nimekaa hapa miaka kumi na minne, mzee."

"Ndiyo maana nakwambia fukia."

Alifukia. Mikanda akaizungushia nyumba hivyo hivyo, ikawa kama mtu aliyevaa mshipi bila suruali.

Mvua ilikuja Jumanne mchana, na upepo wake. Safari hii nyumba haikusimama kando ya ua. Ilikwenda moja kwa moja hadi lango la kambi, Kaluki na mtoto wao Ndinda wakiwa ndani, muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa ukichemka jikoni. Mlinzi wa lango, Koplo Owiti, aliisimamisha kwa adabu.

"Mama, hii nyumba haiko kwa listi."

"Aliyefunga hayo mapaa yenu ni bwanangu!"

"Namjua, kazi yake ni safi. Lakini yeye ako na pasi ya kuingia. Nyumba haina."

Kaluki akashika boriti kwa mikono miwili. Upepo ukainua mabati mara moja, mara ya pili, kisha ukayachukua yote pamoja na boriti, akabaki amekumbatia hewa huku mvua ikimnyeshea mtoto mgongoni.

Akiwa juu ya paa la kambi, Mwanzia aliliona paa lake likimpita likielekea mtaa wa Huruma. Kutoka chini injinia alimwita, daftari mkononi, akamuuliza kama paa alilosimama juu yake limetikisika.

Mwanzia alikanyaga, akasikiliza.

"Halijatikisika, injinia," akasema, na wivu ukamshika yeye pia, kwa paa alilolifunga mwenyewe.