Nilivyombadilishia Binti Yangu Mtihani

Nawaandikia nyinyi wenye watoto mafundi, hasa akina mama wenzangu ambao hofu inatuamsha kabla ya jogoo. Mimi nimeishia darasa la saba, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Nasema nilichofanya ili msije mkakifanya.

Binti yangu anatengeneza kompyuta. Wateja wanamwita Bisibisi kwa sababu bisibisi haimtoki. Hata nyumbani anakuja nayo, ameichomeka kwenye nywele. Cheti cha ufundi alikuwa nacho. Hospitali kubwa ikatangaza nafasi moja, na mkuu wa kompyuta wa pale akamwambia, "Kazi yako nimeiona. Niletee cheti kimoja zaidi, cha mitandao au cha usalama, chagua mwenyewe. Mwisho Ijumaa saa sita. Baada ya hapo nampa mwingine."

Bisibisi akachagua mitandao. Mimi nikaogopa. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa simu. Aliteleza kwenye ngazi akivuta waya darini, na hakuamka tena. Kwangu mimi mitandao ni waya, na waya ni dari.

"Si uchukue usalama, mwanangu? Hata jina lake linatuliza."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mama, usalama huo ni wa kuzuia wezi wa kwenye kompyuta. Hauzuii mtu kuanguka."

"Wewe nicheke tu."

"Mitandao naishika kila siku, mama. Usalama ningeanza upya kabisa, na siku hazitoshi."

Bosi wake wa duka la kompyuta, tunayemwita Mzee Chaji, alipita kumletea kitabu akaniambia, "Shemeji, huyu tumempoteza. Jana kwenye chakula kaniuliza chumvi ina anwani gani, kama vile ni kompyuta ya kwenye mtandao." Wakacheka wote wawili. Mimi nikaondoa vyombo.

Jumatatu mchana simu yangu ikaita. Ni karani wa kituo cha mitihani. Binti alikuwa ameifungua simu yake anaibadilishia betri, hapatikani, na kwenye fomu namba ya pili ilikuwa yangu.

"Mama, nathibitisha tu. Alhamisi saa nne asubuhi, mtihani wa mitandao. Sawa?"

Ningesema sawa, yangeisha pale. Badala yake mdomo ukaniponyoka. "Hapana. Amebadilisha. Weka usalama."

"Una uhakika, mama?"

"Mimi ndiye mama yake."

Jioni nikamwambia siku na saa tu. Nilijipa moyo: hospitali inakubali vyote viwili, mtoto ana akili, na kompyuta si kompyuta? Nilidhani anayesoma hiki anakijua na kile. Ndivyo tunavyodhani sisi tusiosoma.

Jumanne nzima nilimwona kainama juu ya kitabu cha mitandao, anachora mistari nyuma ya kalenda, anajiuliza na kujijibu. Nikapika, nikaunguza.

Jumatano asubuhi, anafunga viatu, nikashindwa kuvumilia. "Hivi ukipata hiyo kazi, watakupandisha darini?"

Akanitazama. "Kumbe ndilo linalokusumbua? Mama, wa kupanda wana kampuni yao. Mimi nitakaa kwenye chumba chenye baridi naangalia mashine. Kazi ni hiyohiyo, niwe na cheti cha mitandao au cha usalama." Akanishika bega, akaenda kazini.

Nikakaa chini palepale mlangoni. Kisha nikachukua simu. Inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Nikapiga huku nafagia, nikapiga huku nimesimama tu. Karani alipopokea ilikuwa saa nne na dakika kumi.

"Mama, kubadilisha ni siku nzima kabla. Ilipofika saa nne kamili mfumo ulifunga."

"Dakika kumi tu, mwanangu!"

"Hata ingekuwa moja, mama. Mwambie binti asome, muda bado upo."

Mwambie binti. Hapo ndipo nilipokosea kuliko Jumatatu, na hapo ndipo nataka mnisikie. Alirudi jioni mchangamfu, nikamtengea chakula. Kila nikifungua mdomo, yanatoka mengine: ongeza mboga, funga dirisha. Nikaona haya, nikaenda kulala bila kumwambia.

Alhamisi nilimsindikiza. Kituo ni chumba chenye viti vya plastiki na dirisha la kioo. Karani akasoma kwa sauti, "Mtihani wa usalama, mashine namba sita."

"Wa mitandao," Bisibisi akasema.

"Ulikuwa wa mitandao. Mama yako akabadilisha Jumatatu."

Akageuka taratibu. "Mama?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Naweza kuahirisha?" akamuuliza karani.

"Nafasi nyingine ni wiki ijayo."

Hospitali mwisho ni kesho. Nilimwona anahesabu kichwani. Akavua saa, akaikabidhi dirishani, akaingia. Nilikaa saa moja na nusu nikiutazama mlango ule.

Alitoka na karatasi mkononi. Zilipungua alama ishirini na moja kufika mia saba na hamsini za kufaulu.

"Kidogo tu," nikasema, na papo hapo nikatamani ulimi urudi ndani.

"Kidogo kweli, mama. Ningejua jana, ningesoma hata sura mbili. Mzee Chaji anacho kitabu cha usalama dukani, kipo tu juu ya kabati." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Uliogopa, sawa. Si ungeniambia unaogopa? Ningekupeleka hospitali ukakione hicho chumba kwa macho yako."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nitakusamehe. Leo siwezi."

Ijumaa saa sita ikapita. Nafasi akapewa kijana mwingine. Simjui, na sina ugomvi naye.

Bisibisi anasoma tena. Mtihani gani, lini, hajanieleza. Nikiingia chumbani anafunika daftari kwa kiganja, kwa upole, anauliza kama nahitaji kitu. Nasema hapana, natoka.