Mfumo wa Shemeji

Mkuu wa ghala la vigae na rangi alikuwa mwanamke mwenye mdomo, lakini siku ulimi wake ulipohitajika, aliuuma.

Mfumo wa kompyuta uliosimamia mali ya ghala hilo ulitengenezwa na shemeji yake, mume wa mdogo wake, enzi ghala likiwa chumba kimoja. Sasa lilikuwa limetanuka na mfumo umeelemewa: watu wawili wakitoa mzigo kwa pamoja, unaganda, na madereva wa malori wanabaki kupiga soga uani. Mkurugenzi akataka uamuzi: uboreshwe, au ununuliwe mwingine. Shemeji akaomba apewe nafasi auboreshe. Kila jioni alijifungia na kompyuta, hadi mkewe akalalamika kwa kicheko kwamba ameletewa mke mwenza.

Mkuu wa ghala aliujaribu mwenyewe, sebuleni kwa mdogo wake. Haukuganda. Aliamini unatosha.

Kikaoni, mkurugenzi alimgeukia. "Wewe ndiye unayeutumia. Unasemaje?"

Mhasibu alikuwa akimtazama kwa jicho la pembeni. Mkuu wa ghala alijua akiutetea tu, watasema anambeba ndugu. Akajibu, "Mtakaloamua nitalifuata."

Wakanunua mpya.

Angeweza kwenda kumwambia shemeji siku ileile. Hakwenda. Leo alisingizia uchovu, kesho mvua, na huku mtoto wa watu anaendelea kuhangaika. Mpaka asubuhi moja shemeji akatokea getini, kompyuta kwapani, shati limenyooshwa, akakuta mafundi wageni wanashusha skana za mfumo mpya. Mlinzi ndiye aliyempasulia habari.

Mkuu wa ghala alipotoka, shemeji hakufoka. "Kuukataa mfumo ni haki yenu, shemeji. Lakini ulikuwa unakuja kwangu, unakunywa chai, unaniona navyohangaika. Ungeniambia tu."



Mfumo mpya unafanya kazi vizuri, na hilo halikumpa nafuu yoyote. Utani wao wa mashemeji umekufa. Siku hizi akiingia nyumbani kwa mdogo wake, shemeji anamsalimu kwa heshima zote, kisha anakumbuka ana shughuli mahali. Juzi, wakiwa jikoni, mdogo wake aliteremsha sauti. "Dada, kwani mume wangu amekukosea nini? Nikimuuliza, ananiambia tu kazi yake ilichelewa, ndiyo mkanunua mfumo mwingine."

Ndipo alipojua kwamba shemeji hakumsema hata kwa mkewe. Akajibu kwamba hakuna kitu, akaendelea kusuuza vikombe vilivyokwisha kutakata.