Kiswahili cha Kastori

Alia aliweka kijiti juu ya meza ya chakula, katikati ya birika na sahani ya biskuti, kama mtu aliyeleta posa. Kilikuwa cheupe, kimemenywa gome lote, na ncha zake zote mbili zimechongwa kwa meno. "Kastori njo alikula hii," akasema, kisha akaenda kunawa mikono.

Bibi yake, Rashida, alibaki na kikombe hewani. Tangu mtoto huyu angali wa kupakatwa alikuwa akimsemesha Kiswahili na kujibiwa kwa Kiingereza, na leo sentensi nzima imemtoka kinywani bila kuombwa. Na Kiswahili chenyewe sasa! "Njo" ndiyo nini? Rashida alizaliwa Tanga, na mtu wa Tanga hafundishwi Kiswahili, yeye ndiye hufundisha wengine. Kwao walisema Kikachi, lugha yao ya Kihindi, na wazee, lakini yeye na marehemu mumewe, Bahadur, walitaniana kwa Kiswahili na kununiana kwa Kiswahili mpaka siku ya mwisho. Tangu Bahadur aondoke, hapakuwa na mtu katika nyumba hii ya Thorncliffe Park, huku ughaibuni, wa kumwuliza ameamkaje. Mwanawe Murad huondoka na gari mapema kwenda kazini Markham, na akirudi, yeye na mkewe ni Kiingereza tu mpaka kitandani.

"Sivyo, mwanangu," alimwambia Alia aliporudi. "Sema: biva ndiye aliyekitafuna."

Alia akamtazama, akachukua biskuti. "Okei, Dadima," akajibu, kama alivyozoea kumwita bibi yake, na Kiswahili cha siku hiyo kikaishia hapo.

Aliyemtia mtoto maneno hayo ni Médiatrice, jirani wa mlango wa pili, mwanamke wa Bukavu anayefanya kazi ya kuhudumia wazee. Magoti ya Rashida yalipoanza kugoma, Médiatrice alijitolea kumchukua Alia shuleni, kwa kuwa shule iko njiani kwake. Kabla ya kurudi nyumbani huteremka naye bondeni kwenye mto Don, ambako familia ya biva, wanyama wa majini wenye meno ya kukata miti, imehamia na kuangusha miti kana kwamba imepewa kandarasi. Watu wa jengoni wanalalamika kwamba njia ya miguu inafurika maji, na wafanyakazi wa jiji wameshakuja kuivika miti iliyobaki mikanda ya waya. Médiatrice na Alia wao huenda kusalimia. Kwao ni kastori, neno la Kifaransa ambalo Médiatrice alikuja nalo kutoka Kongo, na Rashida lilimkera zaidi kwa sababu yeye hakuwa na la Tanga la kulijibu.

Tusidanganyane, ule ulikuwa wivu, na si wivu mdogo. Ni wivu wa ukewenza hasa, ule wa kutega sikio mlango wa lifti ukifunguka ili kusikia nani anacheka na nani. Kila jioni mtoto alikuja na jipya: muti, bitoto bya kastori, maji iko baridi. Kila jioni Rashida aliyapiga pasi maneno hayo mpaka yakanyooka, na kila jioni Alia alileta machache kuliko ya jana. Aliliona hilo, si kwamba hakuliona. Ila neno likikosewa mbele yake lilimwasha kama upupu, na kilichomwasha zaidi ni kwamba yeye ndiye aliyekaa jikoni miaka yote akichochea moto, halafu jirani akaja kupakua.

Ijumaa moja aliwasikia wakitoka kwenye lifti, Alia akisimulia kwa sauti, maneno yakikimbizana. Rashida akafungua mlango kabla hawajabisha. Mtoto alipomwona tu, akanyamaza.

"Mama, leo tumeona ule mukubwa wao," Médiatrice alisema, uso umemchangamka. "Anabeba tawi mu meno, anapita pembeni yetu, haogope hata kidogo."

"Naona matope," Rashida alisema.

"Nitamuosha viatu, mama."

"Ah, hapana. Umeshafanya mengi, mwanangu. Kuanzia Jumatatu usijisumbue, nitamchukua mwenyewe."

Médiatrice aliyatazama magoti yake, kisha akautazama uso wake. "Kama nimekosa, uniambie, mama."

"Hujakosa kitu. Ni lugha tu. Nataka mtoto apate Kiswahili safi."

Médiatrice akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayemeza tusi kwa kuwa mtoto yupo. Aliuachia mkono wa Alia taratibu. "Ni sawa, mama. Kiswahili ni ya kwenu."

Ni cha kwetu, karibu Rashida amrekebishe. Akajizuia, akafunga mlango.

Jumatatu akaenda shuleni mwenyewe, hatua kwa hatua, akishika kila ukuta uliojitokeza. Alia alitembea mbele, begi mgongoni. Bibi akamwuliza kwa Kiswahili amekula nini, akajibiwa neno moja la Kiingereza. Jumanne vivyo hivyo. Uwanja ulikuwa wake peke yake sasa, na hapakuwa na wa kucheza naye. Usiku alimsikia Médiatrice akipita barazani, akazima televisheni ili asikie kama atabisha. Hakubisha, na kwa nini abishe?

Alhamisi walipotoka shuleni alisema, "Twende tukamwone huyo biva wako."

Alia aligeuka kuhakikisha amesikia vizuri, kisha akaongoza njia. Rashida aliteremka mteremko wa bonde kiubavu, majani makavu yakimtelezesha, na magoti yakimlaani yeye na aliyemzaa. Walipofika, Alia akachuchumaa mahali ambapo nyasi zilikuwa zimeshalala kwa kukaliwa. Jua lilikuwa linatua. Baada ya muda kichwa kikatokeza majini, kikaja polepole na tawi mdomoni. Mnyama mnene, hana haraka, wala hana sura ya kuonewa wivu, na Rashida akamwonea.

Alia akaanza kusema. Hakusema na bibi yake. Alisema na mnyama, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemweleza mwenyeji kwa nini mgeni mwenzake hakufika.

"Mama Médi hatakuya tena," alisema. "Sisi tulikuwa nakuya kila siku, lakini Dadima alimufukuza. Anasema kinywa yetu iko muchafu."

Hakuwahi kumsikia mjukuu wake akisema Kiswahili kirefu namna hiyo. Hatakuja. Alimfukuza. Marekebisho yalimjia yenyewe mpaka kwenye ncha ya ulimi, moja baada ya jingine, na nyuma yake likaja jambo jingine: mtoto hakuwa amesema uongo hata kidogo. Machozi yakamtoka, naye hakujisumbua kuyafuta.

Rashida akafungua kinywa. Alia akageuka, akamtazama bibi yake huku amebana midomo, akisubiri kusahihishwa. "Mwambie kastori," Rashida akasema, "kesho nitambishia hodi Mama Médi."