Jicho la Tangi la Nne

Mimi Khalayi sitii sahihi uwongo. Hilo nililisema mlangoni pa ofisi ya meneja kabla sijakaa, maana barua niliiona mezani, na jina langu likiwa juu kabisa.

Kiwanda chetu cha hamira kiko Industrial Area, nusu saa kwa miguu kutoka kwangu Mukuru. Mimi ni kibarua wa matangi: naosha, nanusa, naandika kwa daftari. Seth ndiye fundi wa mitambo, mtu wa Donholm, ana diploma na simu mbili. Yeye hanusi. Yeye anaangalia jicho. Jicho ni fimbo ya chuma yenye kioo, imetumbukizwa ndani ya tangi, inapiga mwanga kwenye mchuzi. Hamira ikizaana, mchuzi unakuwa mzito, mwanga unakwama, namba inapanda kwa kompyuta. Namba ikipanda, Seth anapiga mluzi.

Jumatatu namba ya tangi la nne ilikuwa juu, mluzi ukasikika hadi stoo. Mimi nikafunua kifuniko kidogo tu. Yalaa! Harufu ilikuwa ya maziwa yaliyosahaulika kwenye sufuria. Nikaandika: "Tangi la nne limechacha." Seth akasoma, akaweka tiki, akafungulia tangi. Hamira ikaenda kwa waokaji, mikate ikakataa kufura, mzigo wote ukarudishwa.

Sasa barua ikasema Khalayi hakutoa taarifa. Nikitia sahihi, kazi imeisha.

"Niliandika," nikamwambia Bi Winny, meneja wetu.

"Uliandika limechacha!" Seth akadakia kutoka kiti cha pembeni. "Si hiyo ndiyo kazi yetu, kuchacha? Nikajua iko fiti."

Nikacheka kwa hasira. "Wewe Seth, mama yako akikwambia mboga imechacha, unaila?"

Nikamgeukia Bi Winny.

"Fungueni daftari, miaka mitatu yote. Likiwa sawa naandika limeumuka. Limechacha iko mara ngapi?"

Bi Winny akafungua mwenyewe, akilowesha kidole kwa mate. Alifika mwisho. Ilikuwa mara moja tu.

"Lakini jicho lilionyesha iko sawa," akasema.

"Basi twende tulitoe tulione."

Nikachukua barua yangu mezani, nikatangulia kushuka ngazi hadi kwenye matangi. Wakanifuata. Seth akalegeza skrubu, akaivuta ile fimbo. Kioo kilikuwa kimefunikwa na utelezi mnene, wa kukwangua kwa kijiko.

"Lina mtoto wa jicho!" nikasema. "Lilikuwa linaona uchafu wake lenyewe, nanyi mnauhesabu hamira."

Bi Winny akakohoa. "Basi barua itabadilishwa jina. Seth, hili ni lako."

Seth uso ukamshuka. Kusema kweli nilifurahi, lakini kidogo tu.

"Kwa nini hukuliosha?" nikamuuliza.

"Niliomba tangi lisimame nilioshe. Mara tatu. Nikaambiwa oda ni nyingi."

"Na nani?"

Akamtazama Bi Winny.

"Kumbe!" nikasema. "Bi Winny, jumba bovu hutuangushii, si mimi, si yeye. Andika barua yako utie sahihi, sisi tutakuwa mashahidi."

"Khalayi, unajua wewe ni kibarua tu?"

"Najua. Na kesho saa moja niko getini. Nikifungiwa, hii inaenda kwa afisa wa leba." Nikaikunja barua, nikaitia kifuani.

Bi Winny akapanda ngazi kurudi ofisini.

Seth alibaki ameshika fimbo yake, inamchuruzikia viatu. "Mama Kweyu," akaanza, yeye ambaye siku zote aliniita wewe, "hebu uninusie na tangi la tano."

"Kwanza omba msamaha. Na useme kwa sauti, wenzetu wa mashine wasikie."

Akaomba. Wa nyuma hawakusikia, nikamwambia arudie.