Jumapili Tatu za Keturah Pask

Bwana Neville Cathcart, mzee wa kanisa, aliturudishia karatasi ya ukoo wetu ikiwa imekunjwa mara nne.

"Kazi nzuri, Bi Mabel," alimwambia bibi yangu. "Ila anzeni na Job. Mama yake mwacheni."

Kwa sikukuu ya mavuno, kila familia ya zamani ya kijiji chetu, Aldersham, iliombwa itundike ukoo wake kanisani. Sisi akina Pask tumeichimbia parokia hii makaburi miaka mia tatu, lakini hakuna jiwe la kaburi wala dirisha la kanisa lenye jina letu. Bibi alilitaka jina hilo ukutani kuliko alivyotaka kubadilishiwa goti lake bovu.

Majira yote ya baridi nilisoma madaftari ya parokia, hadi nikamkuta Keturah, mwaka 1787. Alizaa bila ndoa, akakataa kumtaja baba. Akaamriwa asimame mbele ya waumini Jumapili tatu, miguu mitupu, amejifunika shuka jeupe, aombe radhi. Karani aliandika: Ya kwanza, hakuja. Ya pili, hakuja. Ya tatu amekuja na mtoto, amevaa nguo zake za kila siku, akaketi kiti cha mbele.

Kwa hilo alitengwa na kanisa. Mtoto alikuwa Job.

"Watoto wataisoma," alisema Bwana Cathcart.

"Si waisome!" nikasema.

"Rowena, umetoka chuo juzi tu. Kamati imeamua. Akiwemo Keturah, haitundikwi."

Nilimtazama Bibi, nikiogopa atakubali. Ningemlaumu vipi?

Alivaa miwani yake taratibu. "Neville, nilikufuta kamasi shule ya Jumapili. Hebu niambie, Job alizaliwa na nani? Kabichi?"

"Bi Mabel, tafadhali..."

"Baki na ukuta wako."

Jumapili tuliigongomea karatasi kwenye geti letu, njiani kwa kila aendaye kanisani. Bibi aliniamuru niandike jina la Keturah upya, kwa herufi kubwa, na maneno ya karani chini yake, kisha akaketi kando ya karatasi, amevaa kofia yake ya harusi.

Bwana Cathcart alipita akitazama upande wa pili. Mkewe alisimama.

"Mabel, kweli alikaa kiti cha mbele?"

"Kweli kabisa."

"Huyo ndiye mwanamke!" Akacheka hadi akashika geti. "Hebu sogea, nisome vizuri."

Wengine wakaja nyuma yake. Kengele ya ibada ililia, ikanyamaza. Watu kumi na wawili walikuwa bado getini petu.